"Hapa kwetu hayako": nani mwengine ameambiwa hivi? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Langoni
Asalaam aleykum wadau wa Lamu, Malindi na kandokando.

Jana tumezika kijana mtaani kwetu, miaka 26. Tumerudi makaburini, tumekaa barazani, kahawa inazunguka. Mzee mmoja aliyekuja na boti kutoka Faza akauliza, "Marehemu aliugua nini?" Kikapita kimya, mwakijua, kile cha wanaume kumi na tano kutazama tasbihi zao kwa pamoja. Ami yake akajibu: "Presha." Mwengine akaongeza ambalo hakuulizwa: "Unga (heroini) ni mambo ya Mombasa na Malindi. Hapa kwetu hayako hayo." Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Mimi ndiye niliyemkuta, alfajiri, ndani ya gofu la nyumba nyuma ya mtaa, midomo imekuwa rangi ya wino. Sindano niliiokota kwa mkono wangu nikaitupa chooni kabla mamake hajafika. Na pale barazani nami nilitikisa kichwa. Sijalala tangu hapo.

Basi nauliza. Nani mwengine ameambiwa "hapa kwetu hayako" na kitu chenyewe kiko mbele ya mato yake? Si lazima kiwe unga. Majina tusitaje, mji mdogo huu, hata punda wanajuana.

Kaskazi
Nimesoma mistari miwili nikajua ni matanga gani. Nilikuwapo, upande wa birika. Nami nilitikisa.

Ukuti Mkavu
Presha ya Lamu imeua vijana wengi kuliko bahari.

Nesi Mstaafu
Poleni wafiwa. Nimekaa wodini miaka karibu thelathini, sitataja wapi. Hilo neno "presha" nimelisema mimi mwenyewe mbele ya jamaa, si kwenye faili, kwa mdomo tu, kwa sababu baba mtu amenishika mkono na kuniomba.

Nitoe la faida kabla uzi haujaharibika. Ukimkuta mtu amezidiwa na unga, anakoroma kama aliyekabwa, midomo na kucha zimekuwa buluu, haamki hata ukimfinya: mlaze kwa ubavu, hakikisha koo halijaziba, mkimbize hospitali. Kama hapumui, mpulizie pumzi huku wenzako wanatafuta usafiri. Iko dawa yaitwa naloksoni, humrudisha mtu kwa dakika chache. Lakini mlangoni useme ukweli, "amepiga unga". Ukisema presha, watampima presha. Maziwa, maji ya chumvi, kumwagia ndoo ya maji ya kisima, hayo yote ni kupoteza muda.

Mzee wa Mkunguni
Nyinyi vijana mwapenda kuanika nguo za ndani mbele ya wageni. Mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, watu wanatoka Ulaya kuja kuuona. Zamani milango haikufungwa usiku, mwizi hakujulikana. Haya yote yameletwa.

Fundi Jahazi
Mzee wangu, kwa heshima zote. Hiyo ngome iliyoko hapo hapo Mkunguni ilikuwa jela mpaka 1984. Walikuwa wamefungwa mbuzi?

Mzee wa Mkunguni
Wale walikuwa wafungwa kutoka bara.

Ukuti Mkavu
Kumbe hata wezi tulikuwa twaagiza.

Mkoma wa Maweni
Watu wa Lamu ndio mchezo wenu huu. Kila uchafu "uko Malindi". Mwana wenu akiharibika ameharibikia Malindi, binti yenu akipata mimba ameipatia Malindi. Sisi nasi tuna wetu wa kumtupia: Muitaliano.

Nimekuwa bawabu wa nyumba moja ya kukodi karibu na pwani miaka minne. Kazi yangu kufungua lango na kufunga. Sikuulizwa maoni. Wazungu waliingia, ndiyo, na wasichana, ndiyo, na wengine niliwaona kabisa kuwa ni watoto. Ila kilichonitoa kazini si Mzungu. Lilikuja gari la mtu wetu, mtu wa kukaa kiti cha mbele kila mkutano wa kukemea watalii, na aliyeshuka upande wa pili alikuwa na begi la shule mgongoni. Niliganda na funguo mkononi. Akateremsha kioo akaniambia, "Mzee, lango." Nikafungua. Kesho yake sikurudi. Wala sikwenda popote kusema, nisijifanye shujaa hapa.

Mwaka wa 2006 UNICEF na serikali walitoa ripoti kuhusu biashara ya ngono na watoto Pwani, kuanzia Malindi mpaka Diani. Someni walipoeleza wateja ni kina nani. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Wakenya wenyewe, Waitaliano wakafuata nyuma. Kwenye mabaraza ya Malindi ikasomwa ile sehemu ya Waitaliano tu.

Chai ya Tangawizi
Hapo kwa begi la shule nimeiweka simu chini.

Kobe wa Manda
Turudini kwenye unga jamani. Mimi nimeona kwa macho yangu, dawa ya kijana wa unga ni kumuozesha. Akipata mke na majukumu hutulia.

Fundi Jahazi
Wengine huwapeleka shamba, Hindi hapa bara ya Lamu, wakalime. Huko hakuna wauzaji.

Ukuti Mkavu
Hindi muuzaji hufika kabla ya mvua.

Bi Mkeka
Wa kwetu alisomewa siku saba, akaacha.

Kaskazi
Aliacha unga au aliacha kusomewa?

Bi Mkeka
Kusomewa.

Bint Wikio
Nimeandika nikafuta mara tatu. Sasa watoto wamelala, nitaandika yote, na msiniulize mtaa.

Ndugu yangu, kitinda mimba wa mamangu, alianza unga ana miaka 19. Alikuwa akijifunza kuchonga milango, na mikono yake ilikuwa kama imezaliwa inajua. Kwanza ziliondoka patasi. Kisha saa ya marehemu baba. Kisha lile sufuria kubwa la biriani la kuazimana mtaa mzima harusi zikija, na hapo ndipo mama alipojua aibu imeshatoka nde ya mlango.

Mwisho wa 2013 mama akaamua. Akatangaza kuwa mtoto amepata kazi Maskati, jamaa yetu aliye huko amemtumia tiketi. Ikasomwa na dua ya safari, watu wakala mkate wa sinia. Mwenye safari hakuwapo kwenye dua yake. Tuliambiwa tuseme ametangulia Mombasa kwa ajili ya paspoti.

Alikuwa juu. Nyumba yetu ni ya kizamani, kuta za mawe ya matumbawe, nene, na chumba cha ndani kabisa hakina dirisha. Mlango ukatiwa komeo kwa nje. Mlango wenyewe aliuchonga yeye, ndiyo kazi yake ya kwanza kuimaliza peke yake.

Mwezi wa kwanza wa arosto, yale mateso ya kukosa unga, sitauelezea, aliyekaa na mtu wa unga anajua, na asiyejua Mungu asimjulishe. Alikuwa akilia kwa sauti ambayo si ya mtu. Tukawa twaweka Qur'ani kwenye redio usiku, sauti mpaka mwisho. Asubuhi jirani akamwambia mama, "Mashallah, nyumba yenu ina nuru." Jirani huyo tumepakana naye ukuta. Alikuwa akisikia kama nilivyosikia mimi.

Sasa sikizeni. Mtu aliye Maskati lazima alete zawadi. Mama akawa kila akipata msafiri wa Mombasa anamwagizia halua ya Kiomani, udi, vitambaa vya kanzu. Anavipanga sebuleni, anavifunga upya, anatupa sisi wasichana tuvipeleke nyumba kwa nyumba: "Hivi vimetoka kwa fulani, awasalimu sana." Halua hiyo nimeigawa mimi, Ramadhani mbili. Na watu wanapokea! "Mwambieni twamshukuru, Mungu amfungulie riziki." Kuna bibi mmoja alinipa shilingi mia tano, akasema akija amletee mjukuu wake miwani ya jua. Kitanda cha bibi huyo na chumba cha ndugu yangu vimetenganishwa na ukuta. Alitoa noti akanikunjia mkononi. Mpaka leo sijui alikuwa akitucheka, akitusitiri, ama alikuwa akitupa pole kwa njia aliyoiweza.

Maulidi yaliyoangukia mwisho wa 2015, mji umejaa wageni, mbio za punda ziko usita wa pwani, njia ya kando ya bahari, akatoka. Alipitia darini. Akashuka, akatembea usita wa pwani mchana kweupe, amevaa kanzu ya baba imemzidi, ndevu zimefika kifuani, anafumba macho kwa jua kama mtoto aliyeamshwa. Mji mzima ulikuwapo. Waliosoma naye chuoni, waliocheza naye mpira, mwalimu wake wa kuchonga. Wallahi hakusalimiwa na mtu. Walimpisha ndia. Wanamtazama, kisha wanatazama punda, kwa sababu yule mtu yuko Maskati na wao wamekula halua yake. Nilikuwa nimesimama na wanawake, karibu. Mwalimu wake alisema kwa sauti ya kusikika, "Subhanallah, wanaofanana duniani ni wengi."

Alikaa kwenye ngazi za gati mpaka magharibi. Akaja baharia mmoja, Mbajuni, hakuwa mtu wa mtaa wetu, akamuuliza, "We ni nani?" Akamtajia jina lake lote mpaka la babu wa babu. Huyo ndiye aliyemvusha Mokowe na kumlipia basi. Mwaka huo ndio hospitali ya Malindi ilikuwa imeanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, Lamu hatukuwa nayo. Unakwenda, unapewa kikombe chako, unakunywa mbele ya nesi, bure, kesho tena. Ni kila siku, na Malindi kutoka kwetu ni boti, kisha basi la Witu na Garsen masaa manne matano njia ikiwa salama, kwa hivyo huwezi kunywa Malindi ukalala Lamu. Akabaki huko. Sasa achonga tena.

Mama alikuwa akienda kumuona kila baada ya miezi mitatu. Mtaani alisema anakwenda kwa daktari wa macho. Mama mpaka anafariki alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Ndugu yangu alikuja kumzika. Wanaume wamejipanga mlangoni kumpa mkono. Yule mwalimu wake akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Pole sana mwanangu. Na karibu kutoka safari. Maskati hawajambo?"

Akajibu, "Hawajambo. Joto tu."

Kaskazi
Joto tu. Ya Rabbi.

Ukuti Mkavu
Nilikuwa na mzaha wangu hapa. Nimeumeza.

Chai ya Tangawizi
Nahisi hiyo halua hata mimi nimeila.

Mtoto wa Langoni
Dada yangu, sina la kusema. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Mzee wa Mkunguni
Binti, Mungu amrehemu mamako. Lakini mimi nasema alifanya sitara, na sitara ni jambo kubwa. Mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na akhera. Mtume ndiye aliyesema, si mimi.

Ustadhi Asiye na Darsa
Mzee wangu, hadithi ni sahihi na twaikubali. Ila sitara ni kwa aibu ya mtu baina yake na Mola wake. Mtu akiwa anaangamia chumbani na mlango una komeo kwa nje, hicho ni kifungo. Na muuzaji anayepita na kete zake za unga barazani, naye twamsitiri kwa hadithi gani?

Mzee wa Mkunguni
Wewe umesoma wapi?

Ustadhi Asiye na Darsa
Barazani kwako, mzee. Ulikuwa ukisinzia.

Bi Mkeka
Adabu jamani. Huyo ni mzee.

Mkoma wa Maweni
Mzee ama si mzee, ajibu swali la kete.

Bint Wikio
Msigombane juu ya mamangu. Alikuwa akiamka saa nane usiku akimpikia uji wa mtama, akimlisha kwa kijiko, akimpangusa. Kisha akitoka anatia komeo. Mimi mwenyewe siku nyingine namlilia, siku nyingine nina hasira naye mpaka meno yauma.

Mke Dawa
Kobe wa Manda, nimeingia uzi huu kwa ajili yako. Mimi ndiye niliyekuwa dawa.

Walikuja kuniposa kwa masinia. Wakasema kijana wao mpole, mtu wa nyumbani, hatoki. Kweli hakuwa akitoka: walikuwa wamemfungia wiki tatu ili apate uso wa harusi. Siku ya nne ya fungate nikamkuta amelala huku amekaa, sigara imemfika vidoleni, nyama yanuka na yeye hana habari. Mwezi wa pili zikaenda bangili zangu mbili. Mwezi wa tano ikaenda friji, nikadanganya kwetu kuwa imeharibika iko kwa fundi. Mwaona, nami nilishajifunza lugha ya nyumba.

Nikamwendea mama mkwe. Akaniambia mke hodari humtengeneza mume. Nikamwendea mamangu. Akaniambia kwetu hakuna mwanamke aliyerudi na sanduku. Mwaka wa tatu nikaenda kwa kadhi kuomba fasakhi, anivunjie ndoa, na pale mbele ya kadhi mama mkwe akaapa kuwa mwanawe alikuwa mzima wa afya, unga aliuanza baada ya kunioa mimi.

Kobe wa Manda
Samahani dada. Nilisema niliyoyaona.

Mke Dawa
Uliona harusi.

Mjukuu wa Shamba
Lenu ni la unga, langu fupi. Sisi Waswahili wote ndugu, ubaguzi uko Ulaya, siyo? Utumwa huku Pwani ulikomeshwa kisheria 1907. Mimi nimepeleka posa mtaa wa Mkomani, nina shahada, nina kazi, sina hata sigara. Jibu: "istihara haikutoka vizuri", yaani ile sala ya kumuomba Mungu uongozi. Kakangu naye, nyumba nyingine, istihara. Binamu yangu, istihara. Kila istihara ikiulizwa juu yetu yafahamu babu wa babu yetu alilima shamba la nani.

Kaskazi
Astaghfirullah, lakini nimecheka.

Mzee wa Mkunguni
Hayo hayako siku hizi.

Mjukuu wa Shamba
Asante mzee, ndilo neno nililokuwa nalingojea.

Mjukuu wa Ganda
Huku kwetu bara ya Malindi hatuna istihara, tuna piko, rangi nyeusi ya nywele. Babu yangu alikuwa akipaka piko nywele na ndevu kila wiki. Wageni wakimtania, nasi watoto tuliambiwa tujibu "babu apenda ujana". Tulipokuwa wakubwa ndipo tukafahamu. Mgiriama mwenye mvi na ekari zake akishasemwa ni mchawi, siku zake zinahesabika, na mara nyingi wanaomsema ni wale watakaogawana ekari. Waulizeni wazee waliokimbilia Kaya Godoma huko Ganze, walikimbia watoto wao wenyewe. Ukija kwenye mazishi utaambiwa ni majambazi. Majambazi wasioiba hata kuku!

Na 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ikafukuliwa msitu wa Shakahola. Sisi tulio jirani tulikuwa tukiwaona watu wanahamia na magodoro na watoto. Ukiuliza: "Hiyo ni dini ya watu, waache." Babu alikufa kitandani kwake, alhamdulillahi, na shukrani kwa piko yake.

Bi Mkeka
Babu yangu wa Kakoneni naye alipaka. Sikujua mpaka leo kwa nini. Naenda kumuuliza mama.

Karani
Nilete langu, na atakayenitukana ana haki.

Miaka ya tisini mimi ndiye niliyekuwa na hati nzuri mtaani. Mtu akitaka wasia, barua ya korti, kadi ya arusi, ni mimi. Usiku mmoja baada ya isha nikaitwa nyumba fulani. Wazee sita wamekaa. Kuna mtoto wa kike wa miaka 11, na kuna mtu mzima wa jamaa yao. Aliyomtenda sitayaandika. Baba wa mtoto alikuwa akilia, na wazee wote walikuwa wakimtuliza baba. Mtoto hakuwamo chumbani. Wala hakuna aliyetaja jina lake, alikuwa "yule".

Wakafanya maslaha, suluhu ya nyumbani. Elfu ishirini, mtu yule ahamie Mombasa mwaka mmoja, na maneno yaishie pale. Nikaambiwa andika. Nikauliza, kosa niliandikeje? Wakatazamana. Mmoja akasema, andika "kutofahamiana baina ya jamaa". Nikaandika. Nikaweka tarehe ya Kiislamu juu na ya Kizungu chini, nikapiga mstari kwa rula. Nikapewa soda.

Mtu yule hakumaliza mwaka, alirudi baada ya miezi saba, akapewa mkono na kila mtu. Mtoto sasa ni mama wa watoto. Tukikutana njiani hunambia, "Sabalkheri karani." Sijui kama ajua hati ile ni yangu. Naitikia nikiharakisha.

Wakili wa Nyasi
Karani, wewe ndiwe wa kwanza namsikia akisema aliishika kalamu. Wengine wote husema "ilimalizwa".

Kwa wanaosoma: tangu Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 familia haina uwezo wa kuifuta kesi kama hiyo, wala wazee, wala askari wa kituo. Kifungu cha 40 kilimpa Mwanasheria Mkuu peke yake uamuzi wa kuisimamisha, na baada ya katiba ya 2010 kazi hiyo ikawa ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Karatasi ya maslaha hata ikiwa na mihuri saba haimzuii mtu kushtakiwa. Mtoto apelekwe hospitali kabla ya saa 72, ili awahi dawa za kuzuia Ukimwi, na asiogeshwe wala nguo zisifuliwe, maana ushahidi ndio huo. Simu ya watoto ni 116, ya dhuluma za kijinsia 1195, zote bure.

Fundi Jahazi
Sheria nzuri. Lakini kesi yafika kortini mara ya tatu, ya nne, shahidi haonekani.

Ukuti Mkavu
Shahidi naye amekwenda Maskati.

Mke Dawa
Amekula halua.

Bi Mkeka
Wakili, namba hizo niandikie tena kwa herufi kubwa, nitazibandika kwenye mlango wa choo cha wanawake hapa kazini. Wasiniulize nimetoa wapi.

Kobe wa Manda
Mimi bado naona mambo mengine ya nyumba yamalizwe nyumbani. Siyo hilo la Karani. Mengine.

Chai ya Tangawizi
Mengine gani? Tupe orodha.

Kobe wa Manda
Nimesema mengine.

Nesi Mstaafu
Kuhusu komeo: msifunge watu vyumbani. Arosto ya unga yatesa, ila hatari kubwa ni pale anapotoka. Mwili umeshasahau, yeye anapiga kipimo kile kile cha zamani, anakufa siku hiyo hiyo. Nimewapokea wengi wa namna hiyo, na karibu kila mmoja mama alikuwa akiniambia, "Lakini alikuwa ameshaacha, miezi minne!" Mleta mada, huyo kijana wenu hakuwa ametoka mahali?

Mtoto wa Langoni
Alikuwa kwa shangazi yake Mpeketoni miezi mitatu. Tuliambiwa amekwenda kujifunza udereva.

Nesi Mstaafu
Basi.

Mtoto wa Langoni
Leo ilikuwa hitima. Ami yake alikaa karibu yangu. Nikamwambia polepole, "Ami, mimi ndiye niliyemkuta." Akaniambia, "Najua." Akanimiminia kahawa. Sikuweza kuendelea, naye hakuendelea. Kikombe cha pili akaniuliza kama alikuwa amefumba macho. Nikamwambia ndiyo. Alikuwa hakuyafumba.

Mzee wa Mkunguni
Bint Wikio. Huyo ndugu yako wa Malindi hukubali kuonana na watu? Kuna kijana, mtoto wa rafiki yangu, ningependa azungumze naye.

Ukuti Mkavu
Nimemeza tena.

Bint Wikio
Ndiyo mzee wangu, hukubali. Mwambie mtoto wa rafiki yako aje asubuhi, ndugu yangu hunywa dawa mapema kisha huenda karakana, atamkuta huko mpaka adhuhuri. Nitakutumia namba faraghani. Asije peke yake siku ya kwanza, mtu wake amsindikize.

Mzee wa Mkunguni
Nitamsindikiza mimi. Rafiki yangu hajiwezi.

Bint Wikio
Haya mzee. Basi la Mokowe huondoka alfajiri, boti ya kwanza muiwahi. Na asichukue zawadi yoyote.